Barua ya wazi: Ufunguo wa geti la wanafunzi anakaa nao nani?

Kwa waheshimiwa marais wa vyuo vikuu, wakurugenzi wa michezo na makamishna wa ligi za futiboli ya vyuo vya Marekani,

Salaam.

Mimi ni mama wa Kitanzania, mzaliwa wa Temeke, na huu ni mwaka wa kumi na sita naishi katika mji mmoja wa chuo hapa Marekani. Siku za kazi napika katika nyumba ya kutunzia wazee. Jumamosi za msimu wa futiboli huvaa koti la njano la walinzi, na mpaka nilipohamishwa nilikuwa nasimama kwenye geti dogo la chuma, chini ya jukwaa la wanafunzi. Binti yangu yuko mwaka wa tatu chuoni hapohapo. Kwa hiyo siku ya mechi kati yangu na yeye kulikuwa na ngazi na uzio unaonifika kifuani, basi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo hili limenikaa rohoni, na ya rohoni siyawezi kwa Kiingereza. Binti ataitafsiri barua, nakala itawafikia. Lakini nataka waisome kwanza wazazi wenzangu, wa Dar, Nairobi na Bukavu, na sisi tuliotawanyika Columbus, Minneapolis na Houston, ambao tumewapeleka watoto vyuoni tukidhani chuo ni darasa, maktaba na bweni. Jumamosi ya mwisho ya Novemba hatuijui.

Kwa hao nieleze kidogo. Futiboli ya hapa si soka letu, ni mchezo wa Kimarekani wa kubeba mpira mikononi, na ile ya vyuo ni kitu kikubwa kuliko mzazi wa kwetu anavyoweza kukisia. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu 107,601, nao ni wa wanafunzi kuchezea. Kila chuo kina mtani wake. Michigan na Ohio State wanakutana tangu 1897, Harvard na Yale tangu 1875. Watu hufika kwenye maegesho alfajiri, wakafungua buti za magari, wakachoma nyama na kunywa mpaka filimbi. Sheria inakataza pombe kwa aliye chini ya miaka 21, na wanafunzi wengi hawajafika umri huo. Mimi niliyewapokea getini nilinusa nilichonusa.

Sasa nisimulie nililoliona, bila kutaja chuo, kwa sababu sikuandika kumchongea mtu.

Ilikuwa mechi ya watani. Timu yetu ilikuwa haijamfunga mwenzake kwa miaka, na siku hiyo ilikuwa inaongoza. Zilipobaki dakika mbili, vijana wa safu za juu walianza kushuka. Hawakukimbia. Kila mmoja alisogea nusu hatua, kisha nusu nyingine. Aliyewahi kusubiri basi la mwendokasi Kimara, Dar, asubuhi anaujua msukumo ule: hakuna anayekusukuma, lakini unakwenda. Wa juu walikuwa wanauona uwanja. Wa chini walikuwa wanauona uzio.

Kwenye kona ya geti langu alikuwepo msichana mdogo wa umbo, kapaka rangi ya chuo mashavuni. Alikuwa anaimba. Kisha akanyamaza. Nikaona vidole vyake vimeng'ang'ania chuma cha juu, vimekwisha damu, na mdomo uko wazi hautoi sauti. Nyuma yake kijana mrefu alikuwa amempa mgongo, anasukuma umati kwa mikono yote miwili na kupiga kelele warudi nyuma. Kelele zake zilimezwa na bendi.

Nikabonyeza redio koli. Jibu likaja: geti lisifunguliwe, timu ngeni bado iko uwanjani. Nikasema kuna mtoto hapumui. Jibu likawa lilelile. Kufuli lilikuwa mbele yangu, ufunguo ulikuwa kwa msimamizi, na msimamizi alikuwa upande wa pili wa uwanja. Mimi na mlinzi mwenzangu, mzee wa miaka sabini na kitu, tukamshika yule msichana makwapani tukamvusha juu ya uzio kama gunia. Tukamvusha kijana. Tukaendelea. Tulivusha kumi na mmoja kabla ufunguo haujafika. Msichana alikaa kwenye nyasi na kiatu kimoja, midomo ya bluu, anatetemeka, ananiomba samahani. Ni mimi aliyekuwa ananiomba samahani.

Na muda wote huo sikujua wangu yuko wapi. Simu ilikuwa haipatikani. Nilimpata baada ya dakika arobaini, mzima, anacheka, ana kipande cha nyasi mkononi. Usiku nilipomsimulia alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Mama, na mimi nilikuwa nashuka kutoka juu. Nilikuwa nasukuma. Sikujua kama chini kuna watu wamebanwa."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Binti yangu si mhuni. Nimemlea mwenyewe, namjua. Ndani ya umati ule hakuna aliyejua. Waliokuwa na uwezo wa kujua ni wale wenye kamera juu ya paa, wenye redio na wenye funguo. Yaani ni nyinyi na mliowaajiri.

Wala msiseme hili ni jipya. Tarehe 30 Oktoba 1993, katika uwanja wa Camp Randall mjini Madison, Wisconsin iliifunga Michigan 13 kwa 10. Wanafunzi wakamiminika kuelekea uwanjani, wa mbele wakabanwa kwenye vyuma na uzio, wa nyuma wakaendelea kuja. Zaidi ya vijana 70 waliumia, wengine walikuwa mahututi. Kwamba hakufa mtu ni rehema ya Mungu na kazi ya wachezaji wa Wisconsin wenyewe, waliorudi na mavazi yao ya mechi wakawa wanachomoa watu kwenye rundo. Zaidi ya miaka thelathini baadaye mimi nimesimama kwenye geti lenye kufuli, namvusha mtoto wa mtu kwa makwapa.

Nguzo za goli nazo. Wenzangu wa nyumbani, nguzo hizi ni chuma kirefu kinachokwenda juu, na vijana wakishinda huzipanda mpaka zikaanguka, kisha wakazibeba barabarani. Oktoba 2001 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ball State aliangukiwa na nguzo ya namna hiyo akapooza. Katika kesi ilielezwa kwamba kabla ya hapo ubao wa matokeo uliwaandikia mashabiki kuwa nguzo ya goli inaonekana mpweke. Oktoba 2005, katika Chuo Kikuu cha Minnesota tawi la Morris, nguzo ilimwua mwanafunzi wa miaka 20. Mwezi mmoja baadaye, kwenye mechi ya Harvard na Yale, nguzo ilimwangukia msichana kichwani, akaumia ubongo. Ndani ya miezi miwili, vyuo viwili, nguzo zilezile.

Jibu lenu limekuwa faini. Ligi ya SEC, ya vyuo vya kusini, ilikuwa ikitoza dola 100,000 kwa kosa la kwanza la mashabiki kuvamia uwanja, 250,000 kwa la pili na 500,000 kwa la tatu, na tangu 2025 ni 500,000 kwa kila kosa. Anayelipa ni chuo. Tangu 2023, mechi ikiwa ya ndani ya ligi, anayelipwa ni chuo kilichofungwa: Vanderbilt ilipoifunga Alabama Oktoba 2024 na wanafunzi wakaitupa nguzo katika mto Cumberland, fedha zilikwenda Alabama. Hakuna hata senti iliyokwenda kwenye geti. Faini ni makubaliano ya matajiri wawili juu ya kichwa cha mtoto. Mimi nimekaa nazo hesabu hizi usiku kwa usiku, nikajiuliza dola 500,000 zingenunua mageti mangapi yanayofunguka kwa kusukumwa, zingewafundisha walinzi wangapi. Mlinzi kama mimi hupewa maelekezo ya saa moja, mengi yakiwa kuhusu mikoba gani inaruhusiwa kuingia.

Halafu lipo jambo linaloniumiza zaidi. Oktoba 2022 Tennessee iliifunga Alabama 52 kwa 49, baada ya kufungwa naye mara 15 mfululizo. Wanafunzi wakajaa uwanjani, nguzo zikaishia mto Tennessee. SEC ikatoza dola 100,000. Na chuo chenyewe kikafungua mchango mtandaoni, kikawaomba mashabiki wachangie nguzo mpya kwa lugha ya furaha. Sikilaumu chuo kimoja, maana ndivyo mnavyofanya karibu wote. Picha ya wanafunzi waliojaa uwanjani inatundikwa ukumbini, inatumwa kwa wahitimu pamoja na ombi la michango, inawekwa kwenye kitabu cha kuwavutia wanafunzi wapya. Binti yangu aliiona picha ya namna hiyo akiwa kidato cha mwisho. Aliniambia: "Mama, nataka kuwa pale." Mlimfundisha kwamba hiyo ndiyo siku kuu ya maisha ya chuo, halafu siku ilipofika mkamfungia geti na kumwita mvurugaji.

Sisemi wanafunzi hawana kosa. Wanalo, na nimeyaona kwa macho. Oktoba 2024 mjini Austin mashabiki wa Texas walirusha chupa na takataka uwanjani kwa sababu ya uamuzi mmoja. Uwanja ulipokuwa unasafishwa waamuzi wakakaa wakaubadili uamuzi ule. Faini ya dola 250,000 ilikuja baadaye, lakini kijana wa miaka kumi na tisa alikwisha kujifunza kwamba chupa inasikilizwa. Oktoba 2021 mashabiki wa Tennessee walirusha mpaka mpira wa gofu ukampiga kocha wa Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi. Mpira wa gofu mtu hauokoti jukwaani, ameutia mfukoni nyumbani. Huyo atafutwe kwa kamera, afungiwe uwanja, na mzazi wake aambiwe. Mkinipigia mimi simu kwamba wangu kafanya hivyo, sitamtetea.

Na matusi. Wanafunzi wa Oregon mwaka 2022, na wa Colorado Septemba 2025, waliimba kwa maelfu kuitukana dini ya wageni wao wa BYU, chuo cha Wamormoni. Colorado walitozwa dola 50,000. Mimi navaa hijabu chini ya kofia ya kazi. Nikisikia jukwaa zima linaimba tusi la dini ya mtu, najua wimbo huohuo unaweza kubadilishwa neno moja ukanifaa mimi.

Kwetu mechi kama hizi huitwa mechi za watani wa jadi. Simba na Yanga ni watani wa jadi. Neno hilo tulilichukua kwenye makabila. Wangoni na Wahehe walipigana vita karne ya 19, na leo wajukuu wao ni watani: wakikutana wanasemana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema mnapelekana polisi, lakini wao wanacheka. Na mmoja akifiwa, mtani wake ndiye anayefika msibani kuwachekesha wafiwa na kusaidia kuzika. Mtu huwezi kumtania ambaye hutamzika. Nimelitafuta neno la Kiingereza la kumweleza binti yangu nikalikosa, nikamweleza kwa kisa cha hapahapa Marekani.

Chuo Kikuu cha Texas A&M kilikuwa na desturi ya kuwasha moto mkubwa kabla ya mechi na mtani wao, Chuo Kikuu cha Texas. Wanafunzi wenyewe walikata miti na kuipanga, zaidi ya magogo 5,000, juu kama ghorofa. Desturi ilianza 1909. Tarehe 18 Novemba 1999, saa nane na dakika arobaini na mbili usiku, rundo likaporomoka na vijana waliokuwa juu yake. Walikufa 12, wakajeruhiwa 27. Moto ule, msisahau, ulikuwa wa kuonyesha hamu ya kumchoma mtani. Wiki moja baadaye, tarehe 26, mechi ikachezwa. Wanafunzi wa Texas walikwisha kuwasha mishumaa kwao kuwaombea marehemu, na uwanjani bendi yao ikapiga muziki wa maombolezo, ikavua kofia. Bendi ya mtani. Binti yangu alilia nilipomweleza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kisa hicho miaka yote mitatu ya kuimba nyimbo za chuo chake.

Tume iliyochunguza ikatoa ripoti mwaka 2000. Ilisema kosa halikuwa la usiku ule peke yake, bali la maamuzi ya miongo mingi ya uongozi ulioacha desturi ikue bila msimamizi anayejua uhandisi. Naomba ripoti ile muisome tena, na kila penye neno magogo muweke jukwaa la wanafunzi.

Mkitaka kufanya jambo, njia zipo, na nyingine ziko mikononi mwenu tayari. Clemson huwaruhusu mashabiki kushuka uwanjani baada ya kila mechi ya nyumbani. Jambo linaloruhusiwa kila wiki halina haja ya kusukumana, kila mtu anajua zamu yake itafika. West Virginia mwaka 2011 waliacha kuwaruhusu watu kutoka katikati ya mechi kwenda kunywa kwenye maegesho na kurudi, wakauza bia ndani kwa masharti, na kazi ya polisi siku za mechi ikapungua. Mimi Mwislamu, sifurahii bia. Lakini nasema ukweli niliouona getini: kijana anayerudi mapumziko akitoka kwenye gari la rafiki ni hatari kuliko aliyekaa ndani. Army na Navy, vyuo vya jeshi la nchi kavu na la majini, wanacheza tangu 1890 na ni wanajeshi watarajiwa, lakini mechi ikiisha timu zote mbili husimama mbele ya wanafunzi wa aliyefungwa na wimbo wake ukaimbwa kwanza, kisha wa mshindi. Kijana aliyesimama wima akiimba hashuki ngazi kwa kusukumana. Dakika tano zile zinatosha wageni kuondoka.

Na wageni waondoke salama, hilo sibishani nalo. Tarehe 30 Novemba 2024 Michigan ilipoifunga Ohio State mjini Columbus, nayo 13 kwa 10, wachezaji walipigana katikati ya uwanja kwa sababu Michigan walitaka kuchomeka bendera yao pale, na polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Vyuo vyote viwili vilitozwa dola 100,000. Katika purukushani ya namna ile mkiongeza wanafunzi elfu kumi mtazika watu. Ndiyo maana naomba njia ya wageni ipangwe na izoewe kama zinavyozoewa mbinu za mchezo, nguzo ziwe za kulazwa na zilazwe kabla kipenga cha mwisho hakijalia, na kocha mwenyewe achukue kipaza sauti awaambie vijana wasubiri dakika kumi. Mimi hata wakinisikia hawanisikilizi. Kocha wanamsikia kama sheikh wa Ijumaa.

Juu ya yote naomba ruhusa. Mlinzi aliyesimama kwenye uzio, akiona mtu anabanwa, afungue geti bila kumwuliza mtu. Asiulize kama wageni wametoka, asiulize kama faini itakuja. Geti lifunguke kuelekea uwanjani, kwa komeo la mkono, bila kufuli. Kwenye kumbi za sinema mlango wa dharura hauna kufuli, na wanaoingia huko hawafiki hata mia tatu.

Mimi baada ya siku ile niliitwa ofisini. Niliambiwa nimewagusa watazamaji na nimeacha nafasi yangu, nikahamishiwa maegesho ya mabasi. Mzee mwenzangu hakuitwa msimu uliofuata. Sikulalamika, nahitaji kazi, na mabasi nayo yanahitaji mtu. Lakini Novemba hii watani wanakuja tena nyumbani kwetu. Binti amekwisha kupata tiketi, safu ya kumi na mbili kutoka chini, na ameniahidi hatashuka. Naomba siku hiyo nirudishwe kwenye geti langu, na naomba kabla ya Jumamosi hiyo mmoja wenu aniandikie, kwa jina lake na sahihi yake, ufunguo utakuwa kwa nani.

Wenu,
Mama wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mlinzi wa geti la wanafunzi